Mwalimu Mkuu na Mifumo ya Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya walimu wakuu wa kata, kwenye kundi letu la WhatsApp, na kwenye simu zinazoingia saa tatu usiku siku ya mwisho ya kujaza taarifa. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya kuwa Afisa Elimu Kata, kwa hiyo mifano mingi ni ya shule ya msingi. Pale ambapo mambo ya sekondari yanatofautiana, nimesema.

## Ya kuanzia

1. Mifumo imekuwa mingi. Ipi hasa inanihusu mimi?

Usiihesabu kwa majina, utachoka. Jiulize kila mfumo umebeba nini.

Ipo iliyombeba mwanafunzi: PREM ya Baraza la Mitihani, na SIS, yaani mfumo wa taarifa za shule wa OR-TAMISEMI. Ipo iliyobeba fedha: FFARS kwa uhasibu wa shule, NeST kwa manunuzi, na GePG inayotoa kontroli namba, yaani namba ya kulipia malipo ya serikali. Ipo iliyombeba mtumishi: ESS ya Utumishi, ambamo ndani yake kuna PEPMIS ya kupima utendaji kazi. Na upo uliobeba kujifunza kwetu sisi walimu, yaani mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) unaohifadhi moduli za MEWAKA, mafunzo ya walimu walio kazini, pamoja na Maktaba Mtandao yake.

Ukijua mfumo umebeba nini, utajua pia nani wa kumpigia ukikwama. Ukikwama kwenye FFARS, mpigie mhasibu wa halmashauri. Ukikwama kwenye PREM, nenda kwa afisa anayeshughulikia taaluma na mitihani. ESS ikikugomea, nenda kwa afisa utumishi. Afisa TEHAMA wa halmashauri ni mmoja, na shule ni nyingi mno. Mwachie yale ambayo hawa wengine wameshindwa.

2. Sijui kompyuta kabisa. Nianzie wapi?

Anza na ESS kwenye simu yako mwenyewe, kwa sababu huko kuna mambo yako: likizo, maombi ya uhamisho, taarifa zako za kiutumishi. Mtu hujifunza haraka pale jina lake lilipo. Ukishazoea kuingia, kusahau nywila na kuirejesha, kupakia kiambatisho na kutoka salama, mifumo mingine itakuwa ni ileile kwa sura tofauti.

Tafuta mwalimu mmoja shuleni, mara nyingi wa ajira mpya, akukalie pembeni nusu saa mara mbili kwa wiki. Mkono uwe wako kwenye kitufe. Yeye aelekeze kwa mdomo tu. Walimu wakuu ninaowajua waliofundishwa kwa kuangalia tu wanauliza swali hilohilo kila muhula.

3. Nikishajaza kwenye mfumo, madaftari bado yanahitajika?

Ndiyo. Rejesta ya mahudhurio, rejesta ya uandikishaji, leja ya stoo na kitabu cha fedha ndivyo vyanzo, na mfumo unapokea kutoka huko. Rejesta ikiwa na watoto hewa, mfumo utawabeba hao hewa hadi Dodoma, na utawabeba kwa kasi ambayo karatasi haikuwa nayo. Mthibiti ubora wa shule akija ataomba kuona daftari kwanza.

4. Naweza kumpa mwalimu mwenzangu, au kijana wa steshenari, nywila yangu anisaidie kujaza?

Hapana. Nitalikalia swali hili kwa muda, maana ndilo linaloumiza watu wengi.

Najua inavyokwenda. Shuleni mtandao haushiki, siku ya mwisho ni kesho. Unapanda bodaboda hadi mjini, unamkabidhi kijana wa steshenari karatasi yenye nywila pamoja na orodha ya watoto, unalipa, unarudi. Kivinjari cha kompyuta yake kimehifadhi nywila yako, pamoja na za shule nyingine tano au sita. Mteja anayefuata anakaa kwenye kiti hichohicho.

Na mimi nilifanya hivyo. Mwaka mmoja nilipeleka orodha ya wanafunzi ikachapwe na kuingizwa. Sikuirudia kuisoma. Kwenye safu ya jinsia, KE ya binti mmoja iligeuka ME. Haikuonekana hadi mzazi wake alipoingia ofisini kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne: mwanawe amechaguliwa, na shule aliyopangiwa ni ya wavulana. Tulihangaika wiki tatu, barua juu ya barua, huku wenzake wakishona sare. Kijana wa steshenari hakuwa na kosa la kujibu popote. Akaunti ilikuwa yangu, na mfumo uliandika kwamba mimi ndiye niliyeingiza.

Nywila ni saini. Kama husaini hundi tupu, usitoe nywila. Ukihitaji msaidizi, omba halmashauri imfungulie akaunti yake mwenyewe yenye mamlaka ya kuingiza tu, wewe ubaki na kuidhinisha. Ukilazimika kutumia kompyuta ya steshenari, kaa wewe kwenye kiti, kataa kivinjari kisihifadhi nywila, toka kwenye akaunti kabla ya kulipa, na usiache faili la majina kwenye kompyuta yao.

## Taarifa za mwanafunzi

5. Jina la mtoto limekosewa kwenye PREM. Nifanyeje?

Rekebisha sasa hivi, usingoje mwaka wa mtihani. Namba ya PREM anayopewa mtoto shule ya msingi inafuatana naye hadi sekondari, na kosa linafuatana naye vilevile. Linganisha na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Usitegemee mtoto anavyojiita wala jinsi kaka yake alivyoandikwa.

Kuna utaratibu ninaowashauri wote. Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza, chapisha orodha, iweke kwenye meza siku ya kikao cha wazazi, na kila mzazi asome jina la mwanawe na kutia saini mbele yake. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti. Ni saa mbili za kazi. Rudia darasa la nne na darasa la saba kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa. Baada ya mtihani, kurekebisha jina kunakuwa safari ndefu ya barua, na aghalabu mzazi ndiye anayeilipia nauli.

6. Mtoto amehama bila kuaga, na shule aliyokwenda wananipigia wanataka uhamisho. Nikatae hadi mzazi aje?

Usimfungie mtoto kwa kosa la mkubwa. Omba shule mpya ithibitishe kwa maandishi kwamba anasoma kwao, hakikisha una namba yake ya PREM, kisha shughulikia uhamisho kwenye mfumo na uandike kwenye rejesta tarehe na sababu. Uhamisho una pande mbili, shule anakotoka na shule anakokwenda, na upande mmoja ukilala mtoto anabaki kwenye orodha ya shule ambayo hayupo. Ikifika wakati wa usajili wa mtihani, ndipo mnapoanza kutafutana.

7. Kwa nini idadi ya wanafunzi kwenye SIS hailingani na ya PREM?

Mara nyingi ni sababu tatu: waliohama hawajaondolewa (swali la 6), watoto wa darasa la awali wamehesabiwa upande mmoja tu, au takwimu zimejazwa siku tofauti. Chagua siku moja, hesabu vichwa darasa kwa darasa, andika kwenye karatasi moja iliyosainiwa na walimu wa madarasa, kisha jaza kila kitu kutoka kwenye karatasi hiyo. Hata fomu za TSM, za takwimu za shule za msingi, zijazwe kutoka humohumo.

Usichokoe namba moja ili ilingane na nyingine. Ruzuku, vitabu na madawati vinatoka kwenye namba hizo.

8. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mifumo inanitaka niandae nini?

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Kwa mwalimu mkuu maana yake ni orodha mbili za watahiniwa kwa mwaka mmoja. Safisha majina ya makundi yote mawili mapema kwa utaratibu wa swali la 5. Wakuu wa sekondari wanajua uzito wake upande wao: makundi hayo mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja.

## Fedha na manunuzi

9. Bando la intaneti nilipie mfukoni kwangu?

Wengi wanafanya hivyo, na si haki. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Sekondari ni 25,000, nusu yake ikifika shuleni. Shule ya watoto 400 inapata kama shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini bando la ofisi linaweza kukaa humo kama limeandikwa.

Neno ni hilo: liandikwe. Liingize kwenye mpango na bajeti ya shule, Kamati ya Shule ilipitishe kwenye muhtasari, na mhasibu akuelekeze kifungu. Ukinunua kwanza kisha ukatafuta pa kuliweka, utaulizwa kwenye ukaguzi.

10. Fundi wetu wa kijijini ni mzuri lakini hayupo kwenye NeST.

NeST ilichukua nafasi ya TANePS, mfumo wa zamani wa manunuzi, mwaka 2023, na ununuzi wa umma unapita huko, pamoja na ujenzi mdogo wa shule. Msaidie fundi ajisajili kabla fedha za mradi hazijafika. Anahitaji kitambulisho cha taifa, TIN (namba ya mlipakodi) na simu inayopatikana. Fedha zikishaingia akiwa bado hajasajiliwa, utajikuta unasukumwa na tarehe, na hapo ndipo watu wanapoanza kufanya kazi kwanza na karatasi baadaye. Kitengo cha manunuzi cha halmashauri ndicho kinachojua viwango na njia za ununuzi. Waulize kwa maandishi, jibu lihifadhi kwenye faili la mradi.

11. Nimepigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa wizara. Anataka nitume fedha ya usajili wa mafunzo kwenye namba yake.

Kata simu. Malipo halali ya serikali yanakuja na kontroli namba, wala hayaendi kwenye namba ya mtu. Mwito halali wa mafunzo unashuka kwa barua kupitia Mkurugenzi wa halmashauri na Afisa Elimu wako. Akikuomba tarakimu zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, huyo anataka akaunti yako.

## Utumishi na mafunzo

12. PEPMIS inanilemea. Nifanyeje isinile wikiendi zote?

PEPMIS imechukua nafasi ya OPRAS, upimaji wetu wa zamani, na tofauti kubwa ni kwamba OPRAS tuliijaza kwa mkupuo na kuifungia kabatini. Hii inataka kazi ziandikwe kadiri zinavyofanyika. Mwalimu mkuu ana mzigo mara mbili: anapimwa na mkubwa wake, na anawapima walimu wake.

Kinachosaidia ni kuandika kazi zinazoonekana kwa macho. Mwalimu akiandika "kufundisha vizuri", utampimaje? Akiandika kufundisha Hisabati darasa la tano, kisha akagawanya kuwa kuandaa azimio la kazi, kuandika andalio la somo, kutoa mazoezi na kuyasahihisha, utafungua daftari la mtoto na kuona. Tenga saa moja Ijumaa mchana, kila wiki, uidhinishe za walimu wako zote kwa pamoja. Ukiziacha hadi Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, utakuwa unabonyeza bila kusoma, na mwalimu aliyejituma atapata alama sawa na asiyejituma. Walimu wanaliona hilo na wanaliongelea.

13. MEWAKA ni semina? Posho yake iko wapi?

MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mhimili wake ni shule yenyewe: walimu wanakaa kwenye Jumuiya ya Kujifunza, wanachagua jambo moja linalowasumbua darasani, wanalisoma kwenye moduli, wanalijaribu, wanarudi kuambiana lilivyokwenda. Kwa kuwa mnakaa kwenu, wakati wa kazi, hakuna safari ya kulipia posho.

Najua kauli hiyo haipendezi. Miaka mingi mafunzo kwetu yalikuwa na maana ya kusafiri, na mwalimu ambaye nyumba yake inavuja ana haki ya kuuliza. Lakini nimeona jumuiya ya walimu saba, chini ya mwembe, na kishikwambi kimoja kilichoegemezwa kwenye boksi la chaki. Walikuwa wanabishana kwa nini watoto wa darasa la pili wanachanganya "r" na "l". Mwalimu mmoja wa kike alileta kadi alizokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Wiki mbili baadaye kadi zile zilikuwa madarasa matatu. Semina ya siku tano niliyohudhuria ukumbini mwaka ule haikuniachia kitu kama kile.

Kazi ya mwalimu mkuu hapo ni kulinda muda. Weka siku kwenye ratiba ya shule, usiitishe kikao kingine saa hiyo, na uhudhurie wewe mwenyewe kama mwanajumuiya. Moduli na maktaba unazipata kupitia tovuti ya TET, tie.go.tz. Pakua mkiwa mahali penye mtandao (swali la 17).

14. Na mafunzo ya uongozi hasa, si ya ufundishaji?

Chuo chetu ni ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, makao yake Bagamoyo, wenye kampasi pia Mwanza na Mbeya. Wanatoa stashahada ya uongozi na usimamizi wa elimu, na kozi fupi kwa viongozi walio kazini. Ukiteuliwa leo kuwa mwalimu mkuu, mwulize Afisa Elimu wako mapema kuhusu kozi hizo. Wengi wetu tulikabidhiwa funguo za ofisi na faili, tukajifunzia kwenye makosa yetu. Kwa upande wa TEHAMA, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, nao umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma na kufundisha walimu.

Cheti cha kozi yoyote kiweke kwenye jalada lako, na nakala ibaki kwako.

15. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kuna haja ya kujifunza yote haya?

Ipo. Taarifa zako za utumishi ziko humohumo kwenye mifumo, na kuzihakiki ungali kazini ni rahisi kuliko kufuatilia mafao baada ya miaka 60. Na msaidizi wako atarithi shule pamoja na mifumo yake. Jifunzeni wawili.

## Vifaa

16. Vishikwambi vilivyogawiwa baada ya Sensa ni vya mwalimu au vya shule?

Ni mali ya umma. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vishikwambi vilikuja kwa walimu ili vifanye kazi ya kufundishia na taarifa. Kila kimoja kiandikwe kwenye rejesta ya vifaa, namba yake, na saini ya aliyekishika. Mwalimu akihama, ni lazima akikabidhi. Kikiibwa, toa taarifa polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako, na siku hiyohiyo mwandikie Mkurugenzi kupitia Afisa Elimu.

Nimekuta shule yenye vishikwambi vilivyofungiwa kabatini visiharibike. Betri ikilala miezi inakufa. Kishikwambi kinachochakaa mikononi mwa mwalimu kimefanya kazi yake.

17. Shule yangu haina umeme, na mtandao unashika kilimani tu.

Pangeni safari moja kwa wiki ya mtu mmoja kwenda penye mtandao, akiwa na orodha ya vya kupakua na vya kutuma. Vitabu vya Maktaba Mtandao na moduli zikishapakuliwa zinasambazwa kishikwambi kwa kishikwambi bila bando. Taarifa andikeni shuleni, zihakikiwe kwenye karatasi, kisha ziingizwe. Kwa chaji, paneli ndogo ya sola ofisini inatosha vishikwambi vichache. Iwekwe kwenye mpango wa shule kama bando (swali la 9).

## Hali zisizo za kawaida

18. Naweza kuweka picha za wanafunzi na matokeo yao kwenye kundi la WhatsApp la wazazi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zimo. Picha ya jumla ya mahafali kwa ridhaa ya wazazi ni jambo moja. Orodha yenye majina, alama na nafasi ya kila mtoto, kwenye kundi la watu mia mbili, ni jambo jingine. Mtoto aliyeshika mkia anaishi kijiji kilekile na wote walioisoma. Mpe kila mzazi matokeo ya mwanawe.

Kuhusu taarifa nyeti zaidi, kama mimba, ugonjwa au ukatili nyumbani, hizo hazipiti kwenye kundi lolote, hata la walimu wakuu.

19. Akili mnemba inaandika maandalio na ripoti. Inaruhusiwa?

Itumie kama rasimu tu. Andalio la somo lipimwe na muhtasari wa somo wa TET, kwa sababu mashine inaweza kukuletea mada za mtaala wa nchi nyingine kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Usiingize humo jina la mtoto wala la mwalimu. Na ripoti ya shule iwe na mambo uliyoyaona wewe.

20. Nimehamishwa shule ghafla. Mifumo inakabidhiwaje?

Usimpe mrithi nywila zako. Iandikie halmashauri ikuondoe kwenye shule ya zamani na imfungulie yeye akaunti. Kwenye hati ya makabidhiano, pamoja na madawati na vitabu, orodhesha kila mfumo, tarehe ya mwisho uliyojaza, na kilichobaki hakijakamilika. Salio la fedha liandikwe kama lilivyo kwenye FFARS siku hiyo. Hadi utakapoondolewa, kila kitakachoingizwa kwa jina lako ni chako (swali la 4).

21. Nimetuma takwimu, kisha nimegundua nimekosea. Ninyamaze, labda hawataona?

Andika barua leo. Taja namba uliyotuma, namba sahihi, na umeigunduaje, kisha ambatisha karatasi ya hesabu ya vichwa iliyotajwa kwenye swali la 7. Nimepokea barua kama hizo mara kadhaa, na hakuna hata moja niliyoipeleka mbele kama kosa la nidhamu. Ipitishe kwangu kabla ya saa sita mchana, ili ifike halmashauri kabla takwimu za kata hazijaunganishwa na za wilaya.